KUASI NA KUTOMBOKA: MAANA NA MATUMIZI YA NENO LA UASI KATIKA KISWAHILI CHA MASISI NA WALIKALE

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyefunzwa Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar akiulizwa amtaje kwa neno moja mtu aliyeshika silaha dhidi ya serikali yake, hatasita: huyo ni muasi, na tendo lake ni uasi. Akifika katika wilaya za Masisi na Walikale, mkoani Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, atalikuta neno hilohilo redioni, makanisani na katika matangazo ya wakubwa, na akilitumia ataeleweka. Hata hivyo hatakaa siku nyingi kabla ya kulisikia jingine, nalo ni kutomboka, pamoja na jina la mtendaji wake, mutomboki. Akiyachukua maneno haya mawili kuwa visawe atatafsiri vibaya. Na katika nchi ile, tafsiri mbaya ya neno hili humgusa mtu katika usalama wake.

Makala haya yanakusudia kueleza maana na matumizi ya maneno hayo mawili. Hoja yetu ni kwamba kuasi na kutomboka yanaweza kutaja tukio lilelile, lakini hayalitazami kutoka upande mmoja. Kuasi hulitazama tukio kutoka kwa yule aliyekosewa utii. Kutomboka hulitazama kutoka kwa yule aliyeinuka. Tutaanza na asi na jamaa zake, kisha tutachunguza umbo na asili ya kutomboka, halafu tutaonyesha jinsi historia ya Masisi na Walikale ilivyoyagawa majina baina ya wasemaji. Mwishoni tutatoa mapendekezo kwa watunga kamusi na wafasiri.

2. Asi na jamaa zake

Asi ni neno lililotoholewa kutoka Kiarabu, katika kitenzi chenye maana ya kukosa utii. Kwa njia ya dini liliingia Kiswahili likiwa limebeba maana pana kuliko ile ya kisiasa. Mja humuasi Mola wake, mtoto huwaasi wazazi wake, na dhambi kwa jumla huitwa maasi au maasia. Maana ya kushika silaha dhidi ya dola ni tawi moja tu la shina hilo: mtawala anawekwa mahali pa mzazi, naye raia anawekwa mahali pa mtoto.

Jambo hili huonekana vizuri katika sarufi. Asi ni kitenzi elekezi, yaani hudai yambwa. Mtu huasi amri, huasi sheria, humuasi mfalme. Hata pale yambwa isipotajwa, msikilizaji huijua na kuijaza mwenyewe: akiambiwa kwamba jeshi limeasi, hujua kwamba limeasi wakubwa wake. Msemo wa mzaha wa kuasi ukapera, unaotumika kwa mtu aliyeoa, haukiuki kanuni hii, kwani nao humchora mwanamume kama mtu aliyekitoka chama alichokuwa akikitii. Kwa hiyo anayesema kwamba fulani ameasi amekwisha kukubali mambo mawili: kwamba yupo mwenye haki ya kutiiwa, na kwamba fulani alikuwa na wajibu wa kumtii.

Mfano ulio wazi wa uzito wa jambo hili unapatikana katika historia ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Sultani ilipinduliwa Zanzibar. Tarehe 20 Januari mwaka huohuo askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakidai nyongeza ya mishahara na kupandishwa vyeo kwa Waafrika. Tukio la kwanza linaitwa Mapinduzi, nalo lina sikukuu yake. La pili linaitwa maasi, nalo halina. Siku nane tu zinayatenga matukio hayo, na yote mawili yalifanywa kwa silaha. Kilichoyatofautisha kwa jina ni mwisho wake: la kwanza lilizaa dola, na la pili lilizimwa na dola. Ndivyo hata vita vya 1905 hadi 1907 kusini mwa Tanganyika, ambavyo watawala wa Kijerumani waliviita uasi, vinavyofundishwa katika shule za Tanzania kwa jina la Vita vya Maji Maji.

Kutokana na hayo tunaweza kusema kwamba muasi ni jina ambalo mtu hupewa. Ni shida kumpata anayejiita hivyo kwa hiari yake, isipokuwa kwa kejeli au kwa toba.

3. Kutomboka: umbo na asili

Kabla ya kuendelea, ni vema tuondoe kikwazo kimoja. Msikilizaji wa pwani alisikiapo kutomboka kwa mara ya kwanza huenda akashtuka, kwa kuwa silabi zake za mwanzo zinafanana na neno la matusi katika Kiswahili cha kwao. Mfanano huo ni wa sauti tu. Katika Kongo neno hili husemwa mbele ya wazee na katika mikutano ya hadhara bila aibu yoyote, na mfasiri asilikwepe kwa sababu hiyo.

Chimbuko lake la karibu ni Kilingala. Katika lugha hiyo kotomba ni kubeba au kuchukua. Kotombola ni kuinua kitu. Na kotomboka ni kuinuka kwa hasira, kuchafuka moyo, kugoma kutii. Kutokana na kitenzi hicho kimepatikana motomboki, yaani aliyeinuka, na botomboki, yaani kuinuka kwenyewe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu kuutambua muundo huu, kwa kuwa anao katika lugha yake: inua na inuka, pindua na pinduka, ng'oa na ng'oka, fumua na fumuka. Kitenzi cha kwanza katika kila jozi kina mtenda anayekitenda kitu. Cha pili hueleza kitu kilichofikia hali mpya chenyewe, wala hakimtaji aliyesababisha.

Njia ambayo neno lilipitia si ngumu kuifikiria. Kilingala kilikuwa lugha ya Force Publique, jeshi la wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, kikaendelea kuwa lugha ya jeshi la taifa baada ya uhuru wa 1960. Mahali popote palipokuwa na kambi, Kilingala kilikutana na Kiswahili cha wenyeji, na maneno ya amri, ya hasira na ya vita yalikuwa miongoni mwa yale yaliyovuka upesi.

Umbo la mutomboki lenyewe linatoa ushahidi wa safari hiyo. Katika Kiswahili, kitenzi cha Kibantu chenye kipasuo k mwishoni mwa mzizi, kikiundiwa jina la mtendaji kwa kiambishi -i, aghalabu hugeuza sauti hiyo kuwa kikwamizo sh: andika hutoa mwandishi, pika hutoa mpishi, cheka hutoa mcheshi. Kama mutomboki lingeundwa ndani ya Kiswahili kwa kanuni hiyo ya kale, tungetarajia kusikia mtomboshi. Kubaki kwa k kunaonyesha kwamba jina liliingia likiwa limekwisha kuundwa. Kiswahili cha Kivu kimebadilisha kiambishi cha mwanzo tu, mo- ikawa mu-, kwa kuyafuata maneno yake mwenyewe kama mutu na mutoto, ambayo hayakuipoteza irabu ya kiambishi kama ilivyopotea katika mtu na mtoto vya pwani. Wingi wake ni batomboki, na aandikaye kwa kufuata Kiswahili sanifu anaweza kuandika watomboki.

Wapo watakaokumbuka sherehe ya Umutomboko ya Walunda wa Mwata Kazembe, inayofanyika kila Julai huko Mwansabombwe, kaskazini mwa Zambia, ambayo kilele chake ni ngoma ya ushindi inayochezwa na mfalme mwenyewe. Mfanano wa umbo ni dhahiri. Lakini umbo peke yake halithibitishi njia ambayo neno limepita, na kwa upande wa Kivu ushahidi wa Kilingala una uzito zaidi.

Jambo jingine la kusikilizwa ni upande wa pili wa makutano hayo ya lugha. Katika Kilingala mwasi ni mwanamke au mke. Mtu wa Masisi ajuaye lugha zote mbili akisoma neno mwasi katika gazeti la Dar es Salaam hana budi kuitegemea muktadha kabla ya kujua kama ameandikiwa habari za mke au za mtu mwenye bunduki. Tahajia ya muasi humpunguzia tabu hiyo.

4. Tofauti ya maana

Kutomboka si kitenzi elekezi. Hakuna kumtomboka mfalme wala kutomboka sheria. Kama msemaji ataka kutaja sababu au mlengwa, hutumia kihusishi: raia wametomboka juu ya kodi, vijana wametomboka juu ya chifu. Katika matamshi ya wenyeji sentensi hiyo ya kwanza husikika kama raia banatomboka juu ya kodi. Aliyekosewa utii, ambaye katika kuasi hawezi kukosekana, hapa ni nyongeza inayoweza kuachwa bila sentensi kupungukiwa.

Aidha, kutomboka hakulazimu silaha wala dola. Mtu mmoja aweza kutomboka nyumbani kwake. Darasa laweza kumtombokea mwalimu. Maana ya msingi ni ya moyo uliojaa ukamwagika, na vita ni daraja la juu la maana hiyo. Ndiyo maana wafasiri wa Kifaransa na Kiingereza wamelitafsiri mutomboki kwa maneno ya hasira na uchungu zaidi ya maneno ya uhaini.

Kiswahili sanifu hakikosi maneno ya jamii hii. Magazeti ya Tanzania huandika kwamba wananchi wamecharuka, au kwamba wamekuja juu, na hakuna msomaji anayeelewa kwamba wananchi hao wamefanya uhaini. Kuja juu kunarudia ile picha ya kuinuka iliyomo katika kutomboka. Kama twatafuta kisawe cha karibu, basi kucharuka na kuja juu viko karibu zaidi kuliko kuasi.

Hata hivyo tusidhani kwamba picha ya kuinuka huleta sifa njema yenyewe. Sheria ya kijeshi ya Kongo ya tarehe 18 Novemba 2002, iliyoandikwa kwa Kifaransa, inalo kosa la kushiriki katika mouvement insurrectionnel, na neno hilo la pili limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuinuka. Mwanasheria hutumia picha ya kuinuka ili kuhukumu. Kwa hiyo tofauti tuliyoitaja haitokani na picha pekee. Inatokana na mambo matatu yakiwa pamoja: picha, sarufi isiyomdai mtawala, na desturi ya wasemaji ya kujitaja wenyewe kwa neno hilo.

5. Majina ya vita Masisi na Walikale

Masisi ni wilaya ya milima na malisho magharibi mwa Goma. Walikale, iliyo ng'ambo yake, ni wilaya ya misitu, kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wakumu na Wanyarwanda, Wahutu kwa Watutsi, ni miongoni mwa wakazi wake, na Kiswahili ndiyo lugha inayowakutanisha. Kwa hiyo jina la vita likishatajwa kwa Kiswahili husikiwa na pande zote, na kila upande hulipima.

Vita vya kwanza baada ya uhuru vilipiganwa Masisi tangu 1963 hadi 1965, navyo vinajulikana kwa jina la Kanyarwanda. Viongozi wa mkoa wa wakati ule waliviita uasi wa Wanyarwanda. Wanyarwanda wao walivieleza kuwa ni kujitetea dhidi ya kunyimwa uraia na madaraka. Tangu hapo mgogoro wa jina ulikwisha kuwa sehemu ya mgogoro wa ardhi na utawala.

Wakati huohuo, mwaka 1964, sehemu kubwa ya Kongo ya mashariki ilikumbwa na vita vya Simba. Jina la Pierre Mulele, aliyeongoza mapambano ya Kwilu mbali kabisa upande wa magharibi, likawa nomino ya kawaida: mpiganaji yeyote dhidi ya serikali aliweza kuitwa Mulele. Wapiganaji hao walitumia dawa ya maji iliyoaminiwa kuzuia risasi, na mwito wao wa Mai Mulele ulibaki katika kumbukumbu. Maji ya Kiswahili cha pwani ni mayi au mai huku, na hivyo ndivyo jina la Mai-Mai lilivyorudi miaka ya 1990, likiwa limebeba imani ileile iliyojulikana Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale, mwanzoni mwa karne. Ni jina la dawa, na dawa haimtaji mtawala.

Tarehe 20 Machi 1993 soko la Ntoto, wilayani Walikale, lilishambuliwa na wanamgambo, Wanyarwanda wengi wakauawa, na vita vikaenea hadi Masisi. Vijana wenye silaha walijulikana kwa majina kama Katuku na Bangilima. Upande wa Wahutu nao ulikuwa na wapiganaji wake. Hapakuwa na aliyejiita muasi, kwa sababu kila upande ulijiona mwenyeji au mwananchi anayetetea haki yake.

Mwaka 1996 muungano wa AFDL ulivuka Kivu hadi Kinshasa, ulikoingia Mei 1997. Neno lake lilikuwa ukombozi, na askari wake wakaitwa wakombozi. Tarehe 2 Agosti 1998 vita vingine vilianza kutoka Goma, vikaleta utawala wa RCD, yaani Mkusanyiko wa Wakongomani kwa ajili ya Demokrasia. Safari hii neno la ukombozi halikushika. Watu wengi walitumia neno la Kifaransa, rébellion, kwa matamshi ya Kiswahili. Ikatokea hali ambayo mwanaisimu angeibuni darasani kama isingetokea kweli: RCD walikuwa waasi machoni pa Kinshasa, nao walipokuwa wakitawala Masisi waliwahesabu Mai-Mai kuwa waasi dhidi yao. Machoni pa Kinshasa Mai-Mai haohao walikuwa watetezi wa taifa, na katika Mkataba wa Pretoria wa Desemba 2002 walitambuliwa kuwa mojawapo ya pande zilizostahili sehemu katika serikali ya mpito.

Ukiyapanga majina ya makundi yaliyofuata katika wilaya hizi, utakuta jambo moja linajirudia. CNDP ya Laurent Nkunda, iliyoanzishwa 2006, ilijiita baraza la kulinda wananchi. APCLS ya Masisi ilijiita muungano wa wazalendo. NDC ya Ntabo Ntaberi Sheka, huko Walikale, ilijitangaza kuwa ya kuilinda Kongo. Kiongozi huyo alihukumiwa na mahakama ya kijeshi mjini Goma, Novemba 2020, kifungo cha maisha kwa makosa ya kivita. M23 ilichukua tarehe ya makubaliano ya 23 Machi 2009, ikidai kwamba serikali ndiyo iliyoyavunja. Hata jina la Nyatura, ambalo kwa Kinyarwanda hutaja wapigao kwa nguvu, halina ndani yake habari ya utii uliovunjwa. Katika orodha yote hii uasi haumo.

Mwenendo huu ulifikia hatua mpya mwaka 2022. Mwezi Mei mwaka huo, makundi kadhaa yaliyokuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe yalikutana Pinga, wilayani Walikale, yakaahidiana kutoshambuliana ili yaikabili M23 iliyokuwa imerudi vitani. Baadaye yakajulikana kwa jina la Wazalendo, neno safi la Kiswahili lenye asili ya kitenzi zaa: mzaliwa wa nchi, aipendaye. Baadhi ya viongozi wao walikuwa wakitafutwa na vyombo vya sheria miaka michache tu kabla ya hapo. Watu hawakubadilika, wala silaha zao. Jina ndilo lililohama. Mwaka huohuo serikali iliacha kuwaita M23 waasi tu, ikaanza kuwaita magaidi. Januari 2025 M23 iliuteka mji wa Masisi na baadaye Goma. Machi 2025 iliingia Walikale, ikaondoka mwanzoni mwa Aprili. Katika miezi hiyo mkazi wa vijiji vya kati ya miji hiyo alilazimika kujua ni neno gani litumike mbele ya mwenye kizuizi gani cha barabarani, kwa maana neno moja lililosemwa mahali pasipo pake lilimtambulisha kuwa wa upande wa pili.

6. Raia anapotomboka

Kundi lililoliingiza neno letu katika ripoti za dunia ni Raia Mutomboki. Lilianza 2005 katika wilaya ya Shabunda, Kivu ya Kusini, baada ya wanavijiji kuuawa na wapiganaji wa FDLR kutoka Rwanda. Mwaka 2011, jeshi la taifa lilipoondoa vikosi vyake Shabunda kwa ajili ya kuvipanga upya, wanavijiji wakaachwa bila ulinzi na kundi likafufuka, likaenea hadi Kalehe, Walikale na kusini mwa Masisi.

Jina hili lina sehemu mbili, na zote zinahitaji kutazamwa. Raia nalo ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kundi linalochungwa: kwanza la mifugo, kisha la watu walio chini ya mtawala. Kiswahili cha leo kimelipandisha hadhi likawa la mtu mwenye haki katika nchi yake. Kongo imeongeza maana ya tatu yenye nguvu sana: raia ni asiye askari. Kwa hiyo wapiganaji waliojiita Raia Mutomboki walisema mambo mawili kwa mara moja. Walisema kwamba wao si jeshi, bali watu wa kawaida. Na walisema kwamba waliochungwa wamesimama kwa sababu mchungaji hayupo. Laiti wangejiita raia waasi, jina lingejishtaki lenyewe.

Huruma iliyomo katika jina hili inaeleweka kwa anayejua Shabunda ya 2005 na 2011. Lakini hapa ndipo msomi anapopaswa kuwa mwangalifu zaidi. Ofisi ya pamoja ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu nchini Kongo, katika ripoti yake ya Novemba 2012, ilithibitisha kuuawa kwa raia wasiopungua 264, wakiwamo watoto 83, katika mashambulizi zaidi ya 75 dhidi ya vijiji vya kusini mwa Masisi, kati ya Aprili na Septemba mwaka huo. Makundi yaliyotajwa zaidi yalikuwa Raia Mutomboki na Nyatura, hawa wa pili wakati mwingine wakishirikiana na FDLR. Waliokufa walikuwa raia kwa maana ya tatu tuliyoitaja, na sehemu yao waliuawa na watu waliolichukua neno hilohilo likawa jina la kikosi.

Madhara ya kilugha ya jambo hili si madogo. Sheria ya vita, kwa Mikataba ya Geneva ya 1949 na Itifaki za 1977, imesimama juu ya mpaka kati ya mpiganaji na asiyepigana. Katika Kiswahili cha Kivu mpaka huo unabebwa na neno raia. Neno hilo likishakuwa jina la kundi lenye silaha, mkulima anayesema kwamba yeye ni raia amepoteza njia yake iliyo rahisi kuliko zote ya kujieleza. Askari mgeni naye yuko mashakani. Tangu 2013 wanajeshi wa Tanzania wamehudumu Kivu katika vikosi vya kimataifa. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kikosi cha Jumuiya hiyo kikawa Kivu ya Kaskazini tangu Novemba 2022 hadi Desemba 2023. Askari hao walijivunia kwamba wanasema lugha moja na wenyeji. Ni kweli, ila lugha moja haina maana ya maneno yenye mipaka ileile. Aambiwaye kwamba kijiji kimetomboka akaelewa kwamba kijiji kimeasi, atakikaribia kwa namna nyingine kabisa.

7. Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tomboka na mutomboki yaingizwe katika kamusi za Kiswahili yakiwa na alama ya kuonyesha eneo lake, Kongo, na asili yake, Kilingala. Fasili ya kwanza iwe kuinuka kwa hasira. Ya pili, kupinga utawala, kwa silaha au bila silaha.

Pili, mfasiri wa Raia Mutomboki aliache jina hilo kama lilivyo na kulieleza mara moja, kwa mfano kwa kusema raia waliocharuka. Asilitafsiri kwa raia waasi, maana neno hilo ni hukumu ambayo jina lenyewe halikuitoa.

Tatu, mwandishi anayetumia muasi, mkombozi, mzalendo au gaidi kwa makundi ya Masisi na Walikale aonyeshe neno hilo ni la nani. Kuandika kwamba serikali iliwaita waasi, au kwamba wao walijiita wazalendo, huongeza maneno machache tu, na huhifadhi ukweli ambao nomino peke yake huufuta. Wala asidhani kwamba kwa kuepuka muasi na kushika mutomboki amepata neno lisiloegemea upande. Amehama kutoka upande wa mtawala kwenda upande wa aliyeinuka.

Nne, raia lilindwe. Katika taarifa, tafsiri na mafunzo, panapokusudiwa mtu asiyepigana, na iandikwe wazi raia asiye na silaha, hata kama kwa msomaji wa pwani maneno hayo yataonekana kuwa marudio. Kwa msomaji wa Masisi si marudio. Yanamwambia kwamba anayetajwa ni mkulima, wala si mwanachama wa kundi.

Kwa muda mrefu tofauti za Kiswahili cha Kongo zimefundishwa kama mambo ya matamshi na viambishi: ba- mahali pa wa-, mu- mahali pa m-. Mfano wa kutomboka waonyesha kwamba tofauti hizo hufika hadi kwenye maneno ambayo kwayo jamii huamua nani ana haki ya kutiiwa na nani ana haki ya kukasirika. Idara zetu za Kiswahili zinayo kazi ya kuyakusanya maneno hayo kutoka kwa wasemaji wenyewe, katika lugha zao zote za nyumbani, kabla ya kuyatolea fasili.